Upepo Unatoka, Mkondo Unakwenda

Kaka yangu alilipwa mshahara kwa kutupa machungwa baharini. Nasema hivyo makusudi, kwa sababu nikianza kwa kusema alikuwa mtaalamu wa mikondo ya bahari mtamheshimu kabla ya wakati wake, na mimi nimemfulia soksi. Mjini walimwita Bwana Machungwa. Muuza matunda sokoni akimwona tu anaanza kujaza gunia bila kuuliza, na mteja mgeni akishangaa mzee mwembamba hivi anayala wapi machungwa yote hayo, anajibiwa, "Hayali huyu. Anawanywesha samaki juisi."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kituo cha utafiti wa bahari alikofanya kazi kilitaka kujua maji ya ghuba yetu yanakwenda wapi upepo unapovuma. Mafuta yakimwagika bandarini, yatafika ufuko gani? Maji machafu ya mji yakitolewa kwa bomba, yataishia wapi? Mtu akianguka kutoka kwenye boti, atafutwe upande gani? Bahari huwezi kuisimamisha ukaihoji. Kwa hiyo kaka alitengeneza ghuba ya pili ndani ya kompyuta, kitu wanachokiita modeli.

Mimi ni fundi cherehani, na aliponieleza jambo hilo alitumia kitambaa cha drafti kilichokuwa mezani kwangu. "Kila mraba ni kipande cha bahari," alisema, huku akinichafulia kitambaa cha mteja kwa kidole. "Kila mraba una kina chake. Upepo unapita juu, unayaburuta maji ya juu. Mraba huu unampa jirani, jirani anampa jirani. Maji yakifika pwani hayana pa kwenda, yanajaa, yanarudi kwa chini. Na dunia nayo inazunguka, kwa hiyo hayaendi moja kwa moja yanakosukumwa. Yanapinda."

"Kama mtu anayetumwa dukani," nikasema.

"Kama wewe," akasema.

Kompyuta inakwenda mraba kwa mraba, inapiga hesabu ya kilichoingia na kilichotoka, halafu inasogeza saa mbele kidogo na kuanza upya. Ukiisogeza saa kwa pupa, hesabu zinapagawa, maji yanapanda mpaka mawinguni, na wenyewe wanasema modeli imelipuka. Siku ya kwanza kaka aliponipigia simu kuniambia imelipuka, nilifunga duka nikakimbia hadi kituoni na ndoo ya mchanga. Nilimkuta ameketi kitini kwake anakunywa chai. Walinzi wa getini waliniita Zimamoto tangu siku hiyo.

Kulikuwa na somo moja alilomfundisha kila aliyeingia ofisini kwake, awe mwanafunzi, mgeni au mama wa usafi. Upepo huitwa kwa unakotoka. Mkondo huitwa kwa unakokwenda. Upepo wa kusini umetoka kusini, lakini mkondo wa kusini unaelekea kusini. Wenye kazi hii wamekubaliana hivyo, na anayechanganya hayo mawili atazipeleka boti za uokoaji mahali pasipo na mtu. "Upepo uulize unatoka wapi," alikuwa akisema, "mkondo uulize unakwenda wapi." Bintiye alilijua somo hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Huyo bintiye ndiye habari yenyewe. Tulimwita Kasuku, kwa sababu alianza kusema mapema na hakupumzika. Wifi yangu alifariki kwa maradhi mtoto akiwa bado wa kubebwa, na kaka hakuoa tena. Alimlea kwa mikono yake, nami nikasaidia nilipoweza. Mtoto akitoka shule alikwenda moja kwa moja ofisini kwa baba yake, akakaa chini ya meza na kupaka rangi ramani: mraba wa kina kirefu bluu, wa kina kifupi kijani. Mgeni akiingia, sauti inatoka chini huko, "Wewe ni upepo au mkondo?" Mkurugenzi mmoja alijibu kwa ukali kwamba yeye ni mkurugenzi. Kaka alisimulia kisa hicho kwa miaka, na kila mara alicheka kabla hajafika mwisho.

Kasuku alipomaliza chuo cha ualimu, alileta nyumbani mchumba. Alikuwa fundi friji, kijana mwenye sauti ya chini na kucha safi kwa mtu wa kazi yake. Kabla chai haijamiminwa alikuwa ameshasikia jinsi jokofu letu linavyokohoa, akaomba bisibisi. Mimi nilimpenda hapo hapo. Kaka alimtazama akifunga parafujo ya mwisho, kisha akamuuliza, "Kwenu wapi?"

Kijana akasema amekulia kwenye kituo cha watoto yatima.

"Na kabla ya hapo?"

"Sijui, mzee."

"Baba yako nani?"

"Sijui."

"Lakini watu wenu ni wa wapi?"

Kaka aliuliza swali lile lile kwa kila namna aliyoijua, na kila jibu lilizidi kukiinamisha kichwa cha yule kijana. Chai yake ilipoa ikapata utando. Alipoondoka, kaka akatoa maneno ambayo hayakuwa yake. Aliyaokota kwa wazee wetu, nao sijui waliyaokota wapi. "Siwezi kumtoa binti yangu kwa mtu asiye na kwao," alisema. "Mkataa kwao mtumwa."

"Hakukataa kwao, baba," Kasuku alisema. "Kwao ndiko kulikomkataa."

"Yote ni mamoja."

"Umemuuliza kama upepo. Anatoka wapi, anatoka wapi. Mwenyewe ulinifundisha kwamba kuna swali la pili."

Kaka alimwambia anyamaze. Hakuwahi kumwambia neno hilo maishani, yeye aliyempa jina la Kasuku. Basi mtoto akanyamaza, na alipoanza kunyamaza hakujua pa kuishia. Waliandikisha ndoa ofisi ya serikali, mimi nikiwa shahidi ndani ya gauni nililolishona kwa hasira hadi mkono mmoja ukawa mfupi. Kisha wakahamia upande wa pili wa ghuba, nyuma ya rasi, kwenye hori dogo, kijimkono cha bahari kilichoingia nchi kavu, lenye shule ya msingi na kiwanda cha barafu. Yeye alipata kazi shuleni, mumewe kiwandani.

Kutoka dirisha la ofisi ya kaka, rasi unaiona vizuri. Hori huoni, maana limejificha nyuma yake. Kwa barabara unaizunguka ghuba yote, na kuna basi moja tu kwa siku, linalokwenda mchana, linapumzika kidogo kisha linageuza. Si mbali. Mtu aliye ng'ambo ya dunia unaweza kumlilia ukatua. Huyu alikuwa nyuma ya mwamba unaouona ukiwa unanawa mikono.

Namba za simu za wote wawili nilikuwa nazo mimi. Nilikwenda kule mara moja, Kasuku alipojifungua binti, kabla mambo ya machungwa hayajaanza, nikarudi na picha ya mtoto. Kaka aliitazama kwa muda mrefu. Kesho yake nikaikuta chini ya kioo cha meza yake, juu ya ramani, pale pale penye hori.

"Mpigie," nikamwambia.

"Nitasema nini?"

"Sema haloo."

"Halafu?"

Halafu! Mtu mwenye shahada ukutani ananiuliza halafu. Na nikimpigia Kasuku nimwambie aje amwone baba yake, naye ananijibu kwa sauti ile ile ya baba yake, "Shangazi, njia anaijua." Maji hufuata mkondo. Nilikuwa na vichwa vigumu viwili vya fundi mmoja, kimoja kila upande wa ghuba, na katikati yao nikawa nazeeka.

Mimi ndiye niliyegundua kwamba ameongeza miraba. Ghuba yake ya kompyuta ilikuwa ikiishia kwenye rasi. Alishanieleza kwamba ukingo wa modeli ni mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu kila mraba unamuuliza jirani yake kuna nini huko, na mraba wa mwisho hauna jirani. Inabidi wewe mwenyewe uuambie kuna nini upande wa nje, na ukisema uongo, uongo huo unaingia ndani polepole mpaka unafika bandarini. Siku moja nilimpelekea shati lake nililolibadilisha kola, nikaona ramani mpya ukutani. Miraba ilikuwa imeizunguka rasi na kuingia horini, na ilikuwa midogo kuliko mingine yote, imebanana, kama anayetaka kuona hadi kokoto. Kule haingii meli, hakuna bomba, hakuna hoteli.

"Haya mkurugenzi ndiye aliyeyaomba?" nikauliza.

"Ni kwa ajili ya usahihi wa ukingo."

"Ukingo gani?"

Akaanza kutafuta miwani iliyokuwa usoni kwake.

Machungwa yalianza mwaka uliofuata. Yalikuwa ya kuipima modeli. Chungwa likitupwa baharini linazama karibu lote, unabaki utosi tu, kwa hiyo linafuata maji. Halipeperushwi na upepo kama chupa tupu. Halichafui, na mtu akiliona ufukoni ataliokota. Kila moja kaka aliliandika kwa wino usiofutika: namba ya chungwa, na chini yake namba ya simu ya kituo. Anayeliokota apige aseme ni chungwa namba ngapi na amelikuta wapi, kisha kaka anaangalia kama bahari na kompyuta zimekubaliana. Watu walipiga kweli. Wengi walipiga huku wanatafuna.

Nahodha wa boti ya kituo, mtu mwenye tumbo kubwa lisiloweza kutunza siri, alikuja kupunguziwa suruali akaniambia jambo. Magunia mengi, alisema, humwagwa katikati ya ghuba kama kazi inavyotaka. Lakini kila safari gunia la mwisho hupelekwa karibu na rasi, mahali ambapo modeli inasema maji yatayaingiza horini upepo ukikaa sawa. "Yale mengine bosi anamimina tu," nahodha alisema. "Ya rasi anayashusha moja moja, kwa mkono. Sijui ana nadhiri gani." Mimi nilijua, na pini zilikuwa mdomoni, kwa hiyo sikumjibu.

Simu zilitoka kila upande: ufuko wa hoteli, mashamba ya chumvi, gati la mafuta, hadi mlevi mmoja aliyedai amelikuta chungwa ndani ya kiatu chake. Kutoka horini hakupiga mtu. Kila asubuhi kaka alipita kwenye meza ya karani aliyepokea simu hizo. "Upande wa rasi?" anauliza. "Hakuna, mzee," karani anajibu, na baada ya muda karani akawa anatikisa kichwa tu akimwona mlangoni, ili kumpunguzia mzee swali.

Mtu wa sayansi asipopata chungwa hasemi amemkosa binti. Anasema modeli ina kosa. Kaka akalitafuta kosa. Kuna namba inayosema upepo unayashika maji kwa nguvu kiasi gani, akaigusa. Kuna namba inayosema sakafu ya bahari inayakwaruza maji kiasi gani. Akaizidisha penye rasi, akaizidisha tena, hadi maji ya kompyuta yakawa yakifika pale yanasita, yanageuka, yanapita nje. Sasa modeli ilikubaliana na simu: hakuna chungwa linaloweza kuingia horini. Alinionyesha kwenye kioo cha kompyuta. Vidoti vya rangi ya chungwa vilikaribia rasi, vikapinda, vikaenda zao bahari kuu.

"Unaona?" akasema. "Ndiyo maana."

Kaka yangu alikuwa amejithibitishia kwa hesabu kwamba mwanawe hafikiki. Nilimwona amepata nafuu na ameumia, vyote kwa pamoja, na nilitamani nimchape kwa rula yangu ya mbao. Sikumchapa. Nilirudi dukani nikakosea kukata kitambaa.

Mwaka wake wa kustaafu ukafika. Kituo kilimpa safari moja ya mwisho ya machungwa, kwa heshima zaidi kuliko kwa kazi. Wakati huo huo marubani wanaoingiza meli bandarini walikuwa wameweka kipimo kipya cha upepo kwenye mwamba wa nje kabisa, ambako upepo hauna habari na huu wetu wa mjini unaozuiwa na majengo. Kaka akaomba takwimu zao. Akaipa modeli yake. Alikuja dukani kwangu anatembea upesi, na macho yake yalikuwa yale ya zamani, ya enzi za mtoto chini ya meza.

"Huko nje upepo umevuma siku kadhaa mfululizo," alisema. "Mkali, upande ule ule. Nikiyashusha kesho, yanaingia."

"Yanaingia wapi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Horini. Hata kwa rasi yangu ile korofi, yanaingia."

Siku ya safari bahari ilikuwa shwari, upepo umekufa. Hilo halikumtisha, maji hayasahau upesi, na upepo ukilala mkondo wake huendelea kwenda kwa muda. Nahodha alinieleza baadaye kwamba safari hiyo kaka hakumimina hata gunia moja. Yote aliyashusha kwa mkono, akiwa amepiga magoti, na shati lake la ofisini likalowa hadi mabegani.

Kesho yake simu zilianza kulia karani hajavua hata koti. Zote zilitoka soko la samaki, upande huu wetu, kinyume kabisa cha rasi. Machungwa yalikuwa yameingia bandarini kwa maandamano. Walipiga wauza samaki, wakapiga wapakuzi, na muuza matunda naye akapiga kusema ameiokota bidhaa yake mwenyewe na ameanza kuiuza upya. Kituo kizima kilicheka, na nasikia kaka naye alicheka nao, huku akirudi nyuma nyuma kuelekea ofisini kwake.

Kosa alilipata asubuhi hiyo hiyo. Rubani wa meli hajali upepo umetoka wapi. Anajali utaisukuma meli kuelekea wapi. Kwa hiyo kipimo chao kilitaja unakokwenda. Maelezo hayo yalikuwa yameandikwa juu ya karatasi yao, kwa herufi za kawaida tu. Kaka aliona neno "kusini", akasoma "unatoka kusini" kama alivyosoma maisha yake yote, na modeli yake ikaupuliza upepo wote kinyumenyume. Yeye aliyemfundisha hata mama wa usafi!

Alikuja dukani, akakaa kwenye stuli ya wateja. Nilitegemea atasema juu ya aibu, nami nilikuwa nimeshaandaa utani wangu.

"Sikuuliza," alisema. "Niliona neno moja nikadhani najua habari yote."

"Kila mtu hukosea, kaka."

"Sisemi upepo."

Nikaondoa mguu kwenye cherehani.

"Yule kijana nilimuuliza swali moja mpaka akainamisha kichwa," alisema. "Mwanangu akanikumbusha la pili, somo langu mwenyewe, nikamwambia anyamaze. Nina hamu na mwanangu. Nina hamu naye mpaka nimetengeneza bahari nzima ili nipate sababu ya kumtazamia, na hiyo bahari nayo nimeiziba kwa mkono wangu." Alikuwa ameshika utepe wangu wa kupimia, anaukunja na kuukunjua. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo yasiyo na namba ndani yake.

"Basi la mchana halijaondoka," nikamwambia.

"Sijajiandaa."

"Umejiandaa tangu mtoto yule anazaliwa. Vaa koti."

Nilifunga duka mteja akiwa anavuka barabara kuja kuchukua gauni lake, nikampungia mkono. Ndani ya basi kaka alikaa dirishani. Bahari ilikuwa upande wake njia nzima, na ile ilikuwa mara ya kwanza kumwona anaitazama bila kunieleza chochote. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza. Nikajua anapanga hotuba.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya kiwanda cha barafu. Uani kulikuwa na mafriji mawili yaliyofunguliwa migongo, na fundi friji aliinuka kutoka kati yake, bisibisi mkononi. Alikuwa amenenepa kidogo na nywele zimeanza kurudi nyuma. Alitutambua mara moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," kaka akaitikia, na hapo hotuba yote ya basini ikamponyoka. Nilimwona ikimtoka. Nilikuwa nafungua mdomo nimsaidie, ndipo akasema, "Siku ile nilikuuliza unatoka wapi. Ni swali nililolizoea. Nimekuja kukuuliza lile la pili, mnakwenda wapi. Tena nimechelewa."

Fundi friji akaifuta bisibisi kwenye suruali yake pole pole, upande mmoja, kisha wa pili. "Hatujafika mbali, mzee," alisema. "Tuko hapa hapa tu. Karibuni ndani."

Mlangoni alisimama binti mdogo mwenye sare ya shule na kiatu kimoja. Alimtazama kaka kuanzia kofia hadi viatu. "Wewe ndiye babu wa machungwa?" akauliza.

Mtoto hakungoja jibu, alimshika kaka kidole akamwingiza jikoni, na hapo ndipo tulipoyaona. Juu ya dirisha, kutoka ukuta hadi ukuta, ulikuwa umefungwa uzi, na kwenye uzi huo yametungwa maganda ya machungwa, makavu, magumu, yamejikunja pembeni. Mimi nilidhani ni pambo. Kaka alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Kila ganda lilikuwa na namba, kwa mwandiko wake.

Alianza kuyagusa moja moja. "Hili ni la safari ya kwanza ya rasi," alisema. "Hili ni la ule mwaka wa upepo mkali. Hili... hili nililifuta kwenye hesabu." Akafika katikati ya uzi akasimama. "Modeli ilikuwa sahihi. Ile ya mwanzo. Rasi haikuwa na kosa lolote."

Hata hapo, ndani ya nyumba ya mwanawe, alianza na modeli. Nikamkanyaga mguu.

"Yalikuja mengi," Kasuku alisema nyuma yetu. Alikuwa amesimama mlangoni, chaki bado mikononi, na sijui alikuwa hapo tangu lini. Alikuwa amepata uso wa marehemu mama yake, wote, na sauti ilikuwa imetulia kuliko nilivyoizoea. "Hata yaliyookotwa na majirani waliniletea mimi. Mengine yalioza. Yaliyo mazima tulikula, tukaacha ganda lenye namba. Huyu akishuka ufukoni kila siku anarudi ananiambia babu ameleta, au babu hajaleta."

"Mwanangu," kaka akasema. "Mbona hukupiga simu?"

Kasuku akanyoosha mkono, akageuza ganda moja kwenye uzi ili upande wa maandishi uonekane.

"Namba iliyoandikwa ni ya ofisi, baba," akasema. "Ningepiga, angepokea karani, akaniuliza chungwa namba ngapi na nimelikuta wapi. Mimi nilikuwa nangoja moja tu lije na namba ya nyumbani."

Kaka yangu alilia. Alilia wazi, kofia kichwani, mikono imening'inia, hadi Kasuku alipomfuata akamshika, na chaki ikaacha vidole vyeupe mgongoni mwa koti lake. Nani mwingine alilia humo jikoni sisemi. Kitambaa cha mkono nilikuwa nacho mimi peke yangu, na hakikunitosha.

Tulikunywa chai. Hakuna aliyesema jambo la maana. Fundi friji alimweleza kaka kuhusu kompresa, na kaka akauliza maswali, na kila swali lilikuwa la pili, si la kwanza. Nilimhesabia kimoyomoyo. Kisha tukasikia basi likipiga honi barabarani, limeshageuza.

Nikainuka nikachukua mkoba. "Kaka, ndilo la mwisho hilo."

Naye akainuka, kwa mazoea ya kunitii, akaanza kuaga. Mjukuu wake akauingiza mkono ndani ya mfuko wa koti lake, akaung'ang'ania.

"Babu," akasema, "unakwenda wapi?"

Lilikuwa swali la mtoto tu. Lakini kaka alisimama nalo pale katikati ya jikoni, yeye aliyelifundisha nusu ya mji. Akanitazama mimi. Akamtazama Kasuku, ambaye mkono wake ulikuwa umebana ukingo wa meza.

"Siendi," akasema, akavuta kiti akakaa.

Honi ikalia tena, ndefu. Nami nikaurudisha mkoba chini, nikavua viatu, na basi likaondoka bila sisi.